Damu Chooni Si Jambo la Kuonea Haya

Ndugu msomaji, hebu hesabu ni maneno mangapi tuliyo nayo katika Kiswahili kwa ajili ya kukwepa neno moja tu. Mtu huenda haja, huenda msalani, huenda maliwato, hujisaidia, huenda uani, na akiwa safarini humwomba dereva asimamishe basi kidogo abiria "wachimbe dawa". Mgeni anayetaka kujua choo kilipo hutanguliza kumradhi, na mwenyeji humwelekeza kwa mkono bila kukitaja. Huu ni uungwana, nami siuchukii. Hata hivyo upo ugonjwa mmoja unaostawi ndani ya ukimya huo huo, nao ni saratani ya utumbo mpana. Huanzia mahali tusipopataja, na dalili zake za kwanza huonekana mahali tusipopazungumzia. Kwa hiyo leo, katika ukurasa huu unaosomwa na baba, mama na watoto wakubwa kwa zamu, naomba ruhusa ya kusema waziwazi. Ikiwa chakula cha mchana bado kiko mezani, basi weka gazeti kando hadi vyombo vitakapoondolewa.

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Kwa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu, na kazi yake ni kupokea mabaki kutoka utumbo mwembamba, kuyafyonza maji, na kuyahifadhi hadi wakati wa kutoka. Kipande chake cha mwisho kabisa madaktari hukiita puru. Saratani, au kansa kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, inaweza kuota popote katika njia hiyo. Takwimu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya 1,900,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 900,000 walikufa kwa ajili yake. Kwa wingi wa wagonjwa ni saratani ya tatu. Kwa wingi wa vifo ni ya pili, ikitanguliwa na ile ya mapafu.

Najua yuko msomaji anayesema moyoni kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Kama anazungumzia enzi za babu zetu, hajakosea sana. Aliyetusaidia kulijua hilo ni daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, ambaye alifanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa mataya ya watoto ambao hata leo unaitwa kwa jina lake, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali katika Afrika Mashariki na Kati ili kuuliza uvimbe huo unapatikana wapi. Baadaye akatambua jambo jingine: magonjwa ya tumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, na saratani ya utumbo mpana ikiwamo, yalikuwa adimu katika hospitali za vijijini Afrika. Mwaka 1971 alichapisha hoja yake kwamba tofauti hiyo imetokana na chakula, yaani makapi na nyuzinyuzi ambazo Mzungu alikuwa amezitoa katika unga wake.

Ndugu huyu hakuwa na haya hata chembe. Katika matembezi yake ya alfajiri alipiga picha za vinyesi vya watu vichakani, na picha hizo akawaonyesha maprofesa wenzake kumbini wakati wa mihadhara. Yeye na wenzake waliwamezesha watu vipande vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha wakapima uzito wa kinyesi na muda ambao vipande vilichukua kutoka. Kwa Waganda wa vijijini mabaki yalipita kwa siku moja na nusu hivi. Kwa Waingereza walaji wa mkate mweupe yalichukua hata siku tatu. Wataalamu waliomfuata wamebishana naye juu ya mambo kadhaa, lakini la msingi limesimama: nafaka isiyokobolewa na vyakula vyenye nyuzinyuzi hupunguza hatari ya saratani hii.

Lakini Afrika aliyoipima Burkitt ilikuwa Afrika ya kinu na mchi, ya kutembea kwenda shamba na kurudi kwa miguu. Leo mjini unga ni sembe nyeupe kama chokaa, chakula cha mchana ni chipsi na soda, na safari ya kutoka kituoni hadi nyumbani ni ya bodaboda. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wanaofika Ocean Road na Muhimbili wameongezeka kuliko walivyokuwa miaka ya nyuma. Wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umeshakomaa, na miongoni mwao wamo watu wasiofikia hata miaka 50.

Mama mwenye jiko, basi, anao uwezo ambao daktari hana. Dona badala ya sembe, hata kama si kila siku; maharage, kunde na choroko; mchicha, kisamvu na matembele; papai, pera na machungwa yanayoliwa badala ya kukamuliwa tu. Kuhusu nyama, mwaka 2015 lile shirika la utafiti wa saratani nililolitaja lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa, yaani soseji, nyama ya kopo na jamaa zake, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu ya kawaida, ya ng'ombe, mbuzi au kondoo, yaelekea inachangia. Walikadiria kwamba anayekula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari yake kwa asilimia 18. Asilimia hiyo huongezwa juu ya hatari aliyokuwa nayo mtu tangu awali, si juu ya mia, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtupia mbwa mishikaki ya sikukuu. Kwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu nyama ni ya Jumapili, na shida yao si wingi wa nyama. Anayehusika hasa ni bwana yule anayekutwa kwenye nyama choma na bia kila jioni, kwani pombe nayo imethibitishwa kuleta saratani hii, kama zilivyo sigara na unene uliopita kiasi.

Haya ya chakula nimeyapitia kwa haraka kwa makusudi. Watu hupenda kusikia habari za chakula kwa sababu hazina aibu, na mtu anaweza kula dona maisha yake yote na bado akaugua. La maana zaidi ni lile ambalo hatupendi kulisikia.

Saratani ya utumbo mpana, kwa kawaida, haiji ghafla. Huanza kama kinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa ndani wa utumbo, wakati mwingine kikiwa na kikonyo kama uyoga, wakati mwingine kikiwa kimelala bapa. Madaktari hukiita polipu. Watu wengi waliopita miaka 50 wana vinyama vya namna hii na hawajui, maana haviumi. Vingi havitageuka kuwa kitu. Vichache hukua polepole na kubadilika kuwa saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua kama miaka 10 au zaidi. Miaka kumi, ndugu msomaji! Ni magonjwa machache ya kuua yanayompa binadamu nafasi ndefu namna hiyo. Kinyama kikionekana kabla hakijabadilika hukatwa palepale kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mrija wa kamera, na saratani ambayo ingekuja haiji. Huko Marekani utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia watu walioondolewa vinyama hivyo, na ikaonekana kwamba waliougua saratani baadaye walikuwa wachache mno kuliko ilivyotarajiwa. Ripoti ya mwaka 2012 ikaonyesha kwamba hata vifo vya saratani hii vilipungua kati yao kwa karibu nusu.

Na hata saratani ikiwa imeshaanza, kuwahi kunabadilisha kila kitu. Kwa takwimu za Marekani, ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo tu, wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishasambaa hadi kwenye ini au mapafu, wanaobaki hawafikii hata wawili kati ya 10.

Watu wawili mashuhuri watatusaidia kuliona jambo hili. Wa kwanza ni Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani. Siasa zake tuziache kando. Mwaka 1984, na tena mapema mwaka 1985, madaktari walimkuta na vinyama vidogo utumboni wakati wa uchunguzi wa kawaida. Julai 1985 walipoingiza kamera ili kuondoa kimoja, wakakuta kingine kikubwa, mbali zaidi ndani. Tarehe 13 Julai alipasuliwa, akakatwa kama sentimita 60 za utumbo, na kinyama kile kikaonekana kuwa kimeshaingiwa na saratani. Alikuwa na miaka 74. Alirudi kazini, akamaliza kipindi chake Januari 1989, akaishi hadi Juni 2004, na aliyemwua hakuwa saratani ya utumbo. Wa pili ni Pelé, ambaye jina lake halihitaji maelezo katika nyumba yoyote yenye mpira. Yeye uvimbe wake ulionekana mwishoni mwa Agosti 2021, katika vipimo vya kawaida ambavyo mwenyewe alieleza kwamba hakuweza kuvifanya mapema kwa sababu ya janga la korona. Alipasuliwa tarehe 4 Septemba, lakini ugonjwa ukaendelea, na tarehe 29 Desemba 2022 dunia ikampoteza. Siwezi kusema kama miezi ile ndiyo iliyoamua. Nasema tu kwamba wote wawili walikuwa na madaktari bora, fedha na mashine, na hakuna hata mmoja kati yao aliyegunduliwa kwa sababu tumbo lilimwuma.

Sasa turudi nyumbani kwetu, ambako mashine ni chache. Huku kwetu anayeugua mara nyingi hupata ishara, nayo ni damu. Damu ikionekana chooni, neno la kwanza kinywani ni bawasiri. Ni kweli kwamba mara nyingi damu huwa ni ya bawasiri, au ya amiba, au ya kichocho cha tumbo kwa wanaoishi kandokando ya maziwa, wala sitaki mtu yeyote aache gazeti hili akidhani amekwisha kufa. Tatizo ni kwamba damu haiji na jina lake limeandikwa. Ile ya bawasiri na ile ya saratani ya puru zinaweza kufanana kabisa, tena mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja, fundi seremala, mtu wa heshima zake. Kwa muda wa mwaka mzima na miezi kadhaa alitumia dawa za bawasiri: kwanza za mizizi, kisha za kupaka, kisha vidonge vya amiba alivyojinunulia dukani, kisha mizizi tena. Alipopelekwa hospitali alikuwa amebaki mifupa, na ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini. Baada ya arobaini nilikwenda kumpa pole mjane wake. Katika mazungumzo akaniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifua nguo. "Niliona, mwanangu," alisema. "Niliona tangu mfungo wa mwaka juzi. Nikamsitiri."

Neno hilo, kusitiri, nimelifikiria sana. Mama yule alifanya kile alichofundwa: mke mwema hasemi ya chumbani, na mume naye hasemi ya chooni. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake. Wewe mama unayefua nguo za mzee wako, na wewe kijana unayemhudumia baba yako, ukiona damu zaidi ya mara moja, uliza. Uliza faraghani, kwa upole, lakini uliza siku hiyo hiyo. Kama heshima inakuzuia, na kwa mkwe na mkwewe inazuia kweli, basi tumia njia ambazo mila zenyewe zimetupa. Mjukuu ana utani na babu yake. Anaweza kumtania juu ya kukaa sana chooni na akajibiwa kwa kweli. Shangazi husikilizwa na kaka zake. Mwanamke wa pwani ana somo au kungwi wake, ambaye tangu ujana alimfundisha mambo yasiyosemwa hadharani. Sioni kwa nini somo asimwulize mwari wake aliyetimiza miaka 50 kama anapata choo sawasawa.

Na si damu peke yake. Choo kilichobadilika kwa wiki tatu au nne bila sababu, leo kuharisha na kesho kufunga. Kinyesi kilichokuwa kinene kikawa chembamba. Haja isiyokwisha, yaani mtu ametoka chooni lakini anahisi bado kuna kitu. Tumbo linalosokota na kujaa. Kukonda pasipo kukusudia. Yote haya yanataka daktari. Iko dalili moja zaidi ambayo hutupita wengi, nayo ni upungufu wa damu. Saratani iliyo upande wa kulia wa utumbo huvuja kidogo kidogo, damu isionekane kwa macho, na mgonjwa akabaki kuchoka, kuhema akipanda ngazi na kupauka viganja. Katika nchi yenye malaria na safura ni rahisi kumpa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia aende akale mchicha. Lakini mwanaume mtu mzima, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akipungukiwa damu, haitoshi kumwongezea. Ni lazima iulizwe damu yake inakwenda wapi.

Hapa nina neno kwa watumishi wa afya, ambao baadhi yao husoma ukurasa huu. Kipo kipimo kimoja ambacho hakihitaji umeme, wala mashine, wala safari ya Dar es Salaam. Ni kidole kimoja ndani ya glavu iliyopakwa mafuta. Sehemu kubwa ya saratani za puru zinafikika kwa kidole hicho, na kazi yenyewe haichukui hata dakika mbili. Inakuwaje basi mgonjwa aeleze kwamba anatoka damu kwa mwezi mzima, na aondoke zahanati na karatasi ya dawa bila kuguswa? Jibu tunalijua. Mganga anaona haya, mgonjwa anaona haya zaidi, na kila mmoja hushukuru mwenzake asipolitaja jambo hilo. Wanaume ndio wagumu kupita kiasi. Wako wanaoona kwamba kupimwa namna hiyo kunawavunjia uanaume. Kwa mtazamo wangu, mganga mzuri ni yule anayeeleza kwanza atafanya nini na kwa nini, akafunga mlango, akafanya. Nawe mgonjwa, asipolitaja yeye, litaje wewe: "Daktari, naomba unipime kwa kidole." Na ukipewa dawa ya amiba au ya bawasiri, uliza ni baada ya siku ngapi urudi kama damu haikukatika. Dozi ya pili ya dawa ile ile, kwa damu ile ile, usiikubali kabla hujapimwa.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya wenye dalili. Kuna wale ambao hawana dalili yoyote lakini wana sababu ya kupimwa, na kwao swali kubwa ni la ukoo. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan huko Marekani, profesa mmoja wa tiba aitwaye Aldred Warthin alimkuta mama aliyekuwa akimshonea nguo akiwa na huzuni. Alipomwuliza, mshonaji yule alimjibu kwamba yeye hakika atakufa mapema kwa saratani, ya tumbo au ya uzazi, kwa sababu ndivyo wanavyokufa wa kwao. Wakati huo hakuwa mgonjwa. Baadaye alikufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi, kama alivyosema. Warthin hakumpuuza, alichora ukoo wake wote, akachapisha habari zake mwaka 1913. Miaka ya 1960 daktari mwingine, Henry Lynch, akaonyesha kwamba ziko koo zinazorithishana hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi, na hali hiyo leo inaitwa kwa jina lake. Ni kama wagonjwa 3 tu kati ya 100 wa saratani ya utumbo mpana walio na urithi huo, lakini wao huugua vijana, na ndugu zao wako hatarini bila kujua. Mshonaji yule asiye na elimu ya tiba aliijua hatari ya ukoo wake kuliko profesa, kwa sababu katika familia yao waliambiana nani alikufa kwa nini.

Je, sisi tunaambiana? Uliza katika ukoo wowote babu alikufa kwa nini, utajibiwa "tumbo", au "alivimba", au kwamba alitupiwa kitu. Mgonjwa aliyegunduliwa na saratani hii ana deni kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa watoto wake, nalo ni kuwatajia ugonjwa wake kwa jina. Madaktari wengi hushauri kwamba mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliugua aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao yule ndugu aligunduliwa, wowote utakaotangulia. Kama baba aligunduliwa akiwa na miaka 45, mwanawe aanze saa yake akiwa na 35. Hesabu hiyo haiwezekani kama baba amezikwa na siri yake.

Kwa asiye na historia hiyo, umri ndio kipimo. Marekani wamekuwa wakianza kuwapima watu wakiwa na miaka 50, na mwaka 2021 wakashusha hadi 45 kwa kuwa vijana wanaougua wameongezeka. Mwigizaji Chadwick Boseman alikufa Agosti 2020 akiwa na miaka 43 tu. Uingereza wana utaratibu ambao utakuchekesha. Serikali humtumia mwananchi kwa posta kichupa chenye kijiti, kila baada ya miaka miwili. Mtu hukwaruza kinyesi chake kwa kijiti, hukifunga ndani ya kichupa, hukitia katika bahasha na kukirudisha kwa posta hiyo hiyo ili maabara itafute damu isiyoonekana kwa macho. Tucheke, lakini tukumbuke kwamba hicho ni kipimo rahisi na kimeokoa wengi.

Hapa kwetu hakuna mpango wa taifa wa kuwapima watu wazima wote wasio na dalili, kama ule wa kuwachunguza akina mama mlango wa kizazi. Sitakudanganya kwamba ukifika zahanati ya kijijini kesho utakuta kamera. Kipimo cha damu iliyojificha katika choo hupatikana katika maabara kadhaa, na ikiwa umepita miaka 45 ni haki yako kukiulizia. Fahamu tu kwamba minyoo na kichocho navyo huweza kuleta damu, kwa hiyo jibu la kwamba damu ipo si hukumu; maana yake ni kwamba sasa unahitaji kuangaliwa ndani. Kuangaliwa huko, ambako huitwa kolonoskopi, hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, na katika baadhi ya hospitali nyingine. Gharama si ndogo kwa mwenye kipato cha kawaida, na mwenye bima aulize mapema kama inalipia. Kwa maoni yangu, maadamu mashine ni chache, wanaopaswa kutangulizwa ni wenye damu isiyokatika, wenye upungufu wa damu usioeleweka na wenye ndugu waliougua.

Jambo linalowafanya watu wengine wakimbie hospitali hata baada ya kuambiwa ugonjwa ni mfuko, yaani ule unaobandikwa tumboni kupokea choo baada ya upasuaji. Wapo walioona bora kufa. Ni vema ijulikane kwamba wengi wanaopasuliwa utumbo mpana mapema huunganishwa utumbo wao na kuendelea kwenda haja kama kawaida; mfuko wa kudumu huhitajika hasa pale saratani ilipo chini kabisa, karibu na tundu, na mwingine huwekwa kwa miezi michache tu kisha ukaondolewa. Nao wanaoishi nao kwa kudumu huvaa nguo zao na kufanya kazi zao, na jirani hajui.

Kuhusu kolonoskopi yenyewe, sehemu ngumu si kamera bali siku ya kuamkia. Utaambiwa ule vyakula laini, kisha vya majimaji tu, kisha unywe dawa ya kuharisha hadi kitokacho kiwe maji yasiyo na takataka. Usiifanyie ujanja hatua hii. Utumbo usiosafishwa huficha vinyama, na utarudishwa nyumbani bila kupimwa. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kisukari na za kuyeyusha damu. Kipimo huchukua kama nusu saa, na hospitali nyingi hutoa sindano ya usingizi mwepesi. Utumbo kutoboka au kutoka damu nyingi hutokea mara chache sana, lakini hutokea, na daktari anapaswa kukueleza hilo kabla hujatia sahihi. Hutaruhusiwa kuendesha gari wala kupanda bodaboda peke yako siku hiyo, kwa hiyo nenda na mtu. Na huyo atakayekusindikiza ajue tangu nyumbani unakwenda kupimwa nini, maana yeye ndiye atakayesikiliza maelezo ya daktari wakati wewe bado una usingizi wa dawa.